Mboka Ndo Afrika Yenyewe

Kijiweni Kitete, hapa Tabora, kuna ubishi haukauki: eti Afrika imejaa watu, hakuna pa kukanyaga. Mchizi mmoja wa boda kakomaa nao kinoma, huku kalalia tangi la pikipiki yake chini ya mwembe.

Mwana, acha kuzingua. Bara lililojaa ni Asia, watu bilioni 4.8 hivi, kila watu kumi duniani, karibu sita wako kule. Na kwa ukubwa ndo baba lao, kilomita za mraba milioni 44 na ushee. Sisi namba mbili kote kote: milioni 30, watu kama bilioni 1.5. Ulaya inachonga sana, ila eneo lake ni theluthi tu ya letu. Antaktika inaizidi Ulaya kwa ukubwa na haina mwenyeji hata mmoja, watafiti na pengwini tu.

Sasa sikia utamu. Mkoa wetu wa Tabora, Mboka yenyewe, una kilomita za mraba 76,000 hivi. Tia Rwanda, tia Burundi, bado unabaki na eneo la kulima tumbaku na kutundika mizinga. Ila sensa ya 2022 ilikuta watu 3,391,679 tu, wakati Dar, yenye kilomita za mraba 1,393, ina 5,383,728. Piga hesabu: Mboka kila kilomita ya mraba watu 45 hivi, Afrika nzima kama 50, Dar zaidi ya 3,800! Anayetaka kuijua Afrika asibanane Kariakoo. Apande treni aje huku, aunganishe ya Kigoma mpaka Kaliua, aone miombo inavyopita dirishani bila bati hata moja.

Masela wa misafara ya zamani waliupima umbali wa pwani hadi huku kwa miguu, mzigo kichwani: Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani hapa Tabora, miezi mitatu hivi, na Ujiji bado iko mbele. Reli ilifika hapa 1912.

Sasa cheki ramani za ukutani zinavyouficha ukubwa huu wa Afrika. Nyingi ni za Mercator, za mtindo wa 1569 uliochorewa mabaharia, unaovimbisha nchi za karibu na ncha za dunia. Greenland inaonekana bonge kama Afrika, wakati Afrika inaimeza mara 14. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuitema ramani hiyo. Kama mdogo wako anasoma, kacheki ya darasani kwao. Ikiwa ndo hiyo, mwambie mwalimu, kistaarabu lakini, waibadilishe.