Usimtajie Mtoto Jina

Oktoba 2021, katika kijiji cha Nyagonyi kule Marani, Kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati na kuteketezwa kwa moto. Walidaiwa kumroga mwanafunzi wa sekondari. Kila nikisoma habari za aina hii huku Gusii hujiuliza: nani alitangulia kutamka jina, anayedaiwa kurogwa au waliomzunguka wakimhoji?

Kwa mtoto swali hilo ni zito zaidi. Akiingiwa na hofu kuu, mwili wake hufurika homoni, adrenalini na kotisoli. Macho na akili hukazia kile kinachotisha: panga, kiganja kilichomziba mdomo, harufu ya mafuta ya taa. Hayo anaweza kukaa nayo miaka. Lakini hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopanga matukio kwa wakati na mahali, huzidiwa. Ndiyo maana mtoto anaweza kueleza pete iliyokuwa kidoleni mwa mshambuliaji, kisha akashindwa kusema kama ilikuwa Jumatatu ama Jumanne. Wakili humwita mwongo kwa hilo. Si haki hata kidogo.

Penye pengo hilo la kumbukumbu ndipo mkubwa hupenyeza lake. Fikiria jiko moja Nyamira, usiku. Mtoto wa miaka 5 amekunja magoti kando ya meko, uji wake umepoa. “Nani alikushika?” shangazi anauliza. Kimya. “Ni yule nyanya wa pale chini kwenye chai?” Mtoto anamtazama mamake usoni. “Sema, usiogope. Si ni yeye?” Anaitikia kwa kichwa. Kesho yake akiulizwa tena atajibu bila kusita, na keshokutwa ataongeza kwamba alimwona na kibuyu. Hadanganyi. Sasa anamwona kweli.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani, Michelle Leichtman na Stephen Ceci, walichapisha jaribio la mgeni aliyeitwa Sam Stone. Alitembelea darasa la chekechea kwa dakika chache, hakuharibu kitu. Kundi moja la watoto lilikuwa limesimuliwa mapema kwamba Sam ni mharibifu, kisha likahojiwa kwa maswali yenye majibu ndani yake. Kati ya wenye miaka 3 na 4, asilimia 72 walisema aliharibu kitabu au mwanasesere wa dubu. Tazama mfanano: uvumi wa kijijini kwamba bibi fulani ni omorogi, yaani mchawi, halafu maswali ya jikoni.

Hata kurudiarudia swali kuna madhara, kwani mtoto hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa. Na kama amenajisiwa, chinsoni, ile staha yetu kati ya vizazi, humfunga mdomo mbele ya babake.

Basi mwambie tu: “Nieleze yote, tangu mwanzo.” Kisha nyamaza, hata kimya kikiuma. Akikwama, sema “halafu?” Andika maneno yake vilevile, Ekegusii kibaki Ekegusii. Mpeleke hospitali na polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto.

Katika kesi za ngono, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinamruhusu hakimu kutia hatiani kwa neno la mtoto pekee, akiridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu. Uzito huo wote unalalia neno hilo moja. Ningetaka kila faili ya polisi ifunguliwe kwa kuandika swali la kwanza aliloulizwa mtoto, aliyemuuliza, na nani mwingine alikuwepo.