Bastola ya Kuficha: Je, Inalinda Familia?

Katika mikutano yetu na familia zilizohama makwao na kufika Kolwezi, Likasi na Fungurume, kuna swali linalorudi mara kwa mara. Kwa kawaida haliulizwi mbele ya watu. Baba wa familia husubiri wengine watawanyike, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Nikitaka bastola ndogo ya kubeba kiunoni, ninunue ya aina gani?"

Hatumkemei. Hofu yake ina sababu. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka vita vya Mei 1978. Familia zenye asili ya Kasai zinakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi wakalala kwenye stesheni wakingoja treni. Wengine walikimbia mapigano ya Kasai ya 2016 na 2017. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Lakini kabla ya kuchagua bastola, tujibu pamoja maswali manne.

Je, itasaidia kwa wakati?

Anayechagua saa ya kushambulia ni mwizi, si wewe. Yeye amejiandaa, wewe umeshtuka usingizini. Bastola ndogo hufichika vizuri, lakini ni vigumu kulenga nayo bila mazoezi mengi. Ukichelewa kuitoa, mtu aliyekuja kuchukua simu sasa anaogopa kufa, naye atakuwa tayari kuua. Kisha ataondoka na silaha yako. Na risasi iliyokosa hupenya turubai au bati na kumfikia jirani aliyelala.

Nani mwingine yumo nyumbani?

Bastola iliyofungiwa sandukuni bila risasi haiko tayari. Iliyo tayari chini ya mto, watoto wataipata. Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha utafiti nchini Marekani. Waliona kwamba katika nyumba yenye bunduki, hatari ya mtu kuuawa humo ilikuwa karibu mara tatu. Hatari hiyo ilitoka hasa kwa jamaa na watu wa karibu, si kwa wageni.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi inamtaka raia awe na kibali cha serikali. Silaha inayouzwa kwa siri haina kibali, tena ina historia usiyoijua. Pengine iliibwa, pengine iliua mtu. Ikikutwa kwako kwenye kizuizi cha barabarani, historia hiyo inakuwa yako.

Jirani ataonaje?

Siri ya bastola haidumu. Ikijulikana, haitasemwa kwamba fulani ana silaha. Itasemwa kwamba "wageni wana silaha." Jirani naye atatafuta yake, na hofu itakuwa imeongezeka pande zote mbili.

Kwa viongozi

Kiongozi akibeba silaha, vijana hujifunza kwake. Katiba ya 2006, kifungu cha 190, inakataza kuunda makundi ya kijeshi au wanamgambo na kulea vijana wenye silaha, na inaliita kosa hilo uhaini mkuu.

Tumeona njia nyingine

Katikati ya miaka ya 2000, shirika la PAREC lililoongozwa na mchungaji Ngoy Mulunda liliwapa watu wa Katanga baiskeli badala ya bunduki. Msumbiji, Baraza la Wakristo lilianza kazi kama hiyo mwaka 1995, likitoa majembe, vyerehani na baiskeli. Baiskeli hupeleka mahindi sokoni na mgonjwa hospitalini. Mtu huachia silaha kwa urahisi zaidi akiwa na kitu cha kumsaidia kuishi.

Mambo tunayoweza kuanza nayo

- Tusitembee na fedha nyingi siku ya malipo. Sehemu iwekwe kwenye simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money.
- Wanaotoka machimboni au sokoni jioni warudi kwa vikundi.
- Kila nyumba iwe na filimbi au sufuria ya kupiga, na wote wakubaliane alama ya hatari.
- Kamati ya usalama iwe na wenyeji na waliohama, wanaume na wanawake, na iwe na namba ya simu ya mkuu wa mtaa na ya polisi.
- Uvumi upelekwe kwanza kwenye kamati kabla ya kusambazwa.

Hatua hizi haziondoi hatari yote. Lakini zinampunguzia mwizi nafasi, wala hazimpi mtu yeyote silaha mpya.

Kama tayari unayo silaha, usiitupe mtoni wala usimpe mtu mwingine. Iweke mbali na watoto, na risasi zifungiwe mahali pengine. Usiende nayo peke yako kituoni. Zungumza kwanza na padri, mchungaji, imamu au kiongozi unayemwamini, ili apange na wenye mamlaka namna ya kuikabidhi kwa usalama.

Maswali ya kujadili

- Ni saa gani na njia gani zinatutia hofu zaidi?
- Jirani yetu mwenyeji anaogopa nini?
- Ni jambo gani tunaweza kulifanya pamoja naye wiki hii?