Sayansi ya Risasi (Sehemu ya Tatu): Kilainishi na Ganda la Shaba

Katika sehemu mbili zilizotangulia ilielezwa kuwa risasi nzima ina viungo vinne, yaani ganda, fataki inayowaka inapogongwa, baruti inayoungua na kuzaa gesi, na kichwa kinachosukumwa na gesi hiyo kupitia mtutu. Na ikaonyeshwa kwamba kati ya hivyo vinne ni ganda peke yake linaloweza kutumika tena. Nchini Marekani wawindaji na walenga shabaha wengi huyaokota maganda yao na kuyajaza upya nyumbani, jambo ambalo sheria za huko huliruhusu kwa matumizi ya mtu binafsi. Afrika Mashariki ni tofauti, kwa kuwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 zimeuweka utengenezaji wa risasi chini ya leseni. Kwa hiyo maelezo haya yasomwe kama somo la metali na msuguano.

Hatua inayochunguzwa hapa ni ya kulipaka ganda kilainishi, yaani mafuta au nta inayopunguza msuguano kati ya nyuso mbili zinazosuguana. Hatua hii ina sharti lenye pande mbili ambalo halina budi kushikwa kwa ukamilifu: msuguano unaopaswa kuondolewa ganda linaporudishwa umbo ndio huohuo unaopaswa kurejeshwa kabla ganda halijaingia tena katika bunduki.

Ganda la kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, uliochaguliwa kwa sababu unavutika bila kupasuka na kisha hurudi nyuma kidogo. Risasi ya .30-06, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, imewekewa kikomo cha wastani wa mgandamizo wa gesi cha pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba, yaani karibu mara 4,000 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Chini ya nguvu hiyo ganda hutanuka hadi kushikana na kuta za chumba cha risasi, likaziba njia ili gesi isimrudie mpigaji. Na mgandamizo unapopungua, ganda husinyaa kiasi cha kuweza kutolewa, lakini halirudi kamwe katika kipimo chake cha awali.

Ili lipate kutumika tena, ganda husukumwa kwa mashine ya mkono ndani ya kalibu, yaani kipande cha chuma kigumu chenye tundu lililochongwa kwa kipimo kamili. Hapo ndipo kilainishi kinapohitajika. Shaba inapobanwa dhidi ya chuma bila utando wa kuvitenganisha, chembe zake hung'ang'ania kuta za kalibu, na kila chembe iliyobaki huongeza msuguano na kulikwaruza ganda linalofuata. Hatimaye ganda hukwama, na mtu akizidi kuvuta wenzo wa mashine, ukingo wa kitako hunyofoka na mwili wa ganda hubaki ndani, ukalazimu kutobolewa na kung'olewa kwa skrubu. Maganda ya bastola yaliyonyooka huweza kuepushwa na haya kwa kalibu yenye pete ya kabidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu na laini kiasi kwamba shaba haiing'ang'anii. Lakini maganda ya bunduki yenye mabega na shingo nyembamba huhitaji kupakwa kilainishi hata katika kalibu za namna hiyo.

Vilainishi vinavyotumika ni vya aina kadhaa, na kinachoenziwa zaidi ni lanolini, yaani mafuta mazito yanayopatikana katika sufu ya kondoo, ambayo hustahimili mgandamizo mkubwa bila kukamuliwa kutoka kati ya nyuso mbili. Lanolini huweza kuchanganywa na spiriti na kunyunyiziwa maganda, kisha spiriti huachwa ikauke ili utando mwembamba ubaki. Wengine hupaka nta laini kwa ncha za vidole, na wengine huyaviringisha maganda juu ya kitambaa kilicholoweshwa mafuta. Ndani ya shingo, ambamo hupita kitufe cha chuma cha kuipanua, wengi hutumia unga mkavu wa grafiti, kwa kuwa mafuta ya majimaji yakibaki humo huweza kuiharibu baruti au kuifanya fataki isiwake.

Kiasi nacho kina uzito wake. Mafuta yakizidi hukusanyika penye mabega ya ganda, na kwa kuwa kimiminika hakikubali kushindiliwa, huibonyeza shaba na kuacha vishimo. Ndiyo maana utando mwembamba ulioenea sawasawa hupendelewa kuliko mafuta mengi.

Baada ya ganda kurudishwa umbo, kilainishi chote hufutwa, ama kwa kitambaa ama kwa kuyazungusha maganda katika pipa lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Risasi inapolipuka, ganda kavu hushikana na kuta za chumba, na msuguano huo huchukua sehemu ya nguvu inayosukuma kuelekea nyuma. Mafuta yakiwapo, ganda huteleza, na komeo la bunduki, yaani chuma kinachofunga chumba kwa nyuma, hubebeshwa karibu mzigo wote. Jambo hili lilionekana wazi nchini Marekani katika miaka ya mwanzo ya 1920, wakati walenga shabaha walipozoea kupaka vichwa vya risasi grisi ili kuzuia masalia ya metali katika mtutu, nayo grisi ikaenea hadi kwenye ganda na chumba. Julian Hatcher, ofisa wa idara ya silaha ya jeshi la nchi hiyo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1947 jinsi zoea hilo lilivyozidisha mzigo wa komeo na kuhatarisha bunduki.

Dawa ya kusafishia nayo ichaguliwe kwa uangalifu, kwa kuwa amonia huila shaba hii iliyokwisha kukazwa kwa kubanwa. Jeshi la Uingereza huko India lilishuhudia maganda yakipasuka yenyewe ghalani majira ya mvua za monsuni, na uchunguzi ulionyesha kuwa sababu ilikuwa mvuke wa amonia uliotokana na mikojo ya farasi katika mazizi, ukiungana na mkazo uliobaki ndani ya metali.

Kwa hiyo kupaka na kufuta ni nusu mbili za kazi moja, na anayefanya nusu ya kwanza akaiacha ya pili hujitengenezea hatari iliyo kubwa kuliko ile aliyokusudia kuiepuka, kwani ganda lililokwama huharibu kalibu tu, ilhali ganda lenye mafuta huweza kumdhuru mtu. Mkazo huo unaobaki katika shaba, pamoja na namna moto unavyotumika kuuondoa, ndio utakaojadiliwa katika sehemu ya nne.