Hesabu ya Dawa Huanzia Kwenye Mzani

Ukimpeleka mtoto mgonjwa zahanati, nesi humpima uzito kwanza. Wapo wazazi wanaolalamika. Mtoto ana homa, analia, na bado anavuliwa nguo apandishwe kwenye mzani! Wanaona wanacheleweshwa bure. Sivyo. Nesi asipojua uzito wa mtoto, hawezi kujua ampe dawa kiasi gani.

Mimi ni bwana shamba, si mganga. Lakini hata sisi hatumpi ng'ombe dawa ya minyoo kabla ya kumzungushia utepe kifuani ili kukadiria uzito wake. Ndama hapewi dozi ya fahali.

Wanafunzi wauguzi hufundishwa hesabu hii chuoni. Wapo wanaoiogopa sana. Lakini ukiitazama, ni kuzidisha na kugawanya tu, hesabu ileile uliyojifunza wewe katika darasa la kisomo.

Kwanza hujifunza vipimo. Kilo 1 ina gramu 1,000. Gramu 1 ina miligramu 1,000. Kwa hiyo miligramu ni kitu kidogo sana. Dawa ya maji hupimwa pia kwa mililita. Lita 1 ina mililita 1,000.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe. Mililita ni wingi wa maji yaliyobeba dawa hiyo. Fikiria vikombe viwili vya chai. Vyote vimejaa sawasawa. Kimoja kimetiwa kijiko 1 cha sukari, kingine vijiko 3. Chai ni kiasi kilekile, lakini sukari si sawa.

Sasa chukua kalamu. Mtoto ana kilo 12. Ana homa, naye anatakiwa kupewa parasetamo, miligramu 15 kwa kila kilo. Zidisha 12 kwa 15. Unapata miligramu 180. Nesi anasoma chupa. Imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Anagawanya 180 kwa 120, anapata 1.5. Kisha anazidisha kwa 5. Mtoto atapewa mililita 7.5.

Lakini zipo chupa nyingine za parasetamo zenye miligramu 250 katika mililita 5. Jina la dawa ni lilelile. Ukimpa mtoto yuleyule mililita 7.5 kutoka chupa hii, atakuwa amemeza miligramu 375. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya dozi yake! Parasetamo ikizidi huharibu ini. Ndiyo maana dawa aliyopewa mtoto wa jirani si kipimo cha mtoto wako, hata kama wanalingana kwa umri. Huenda hawalingani kwa uzito, na huenda chupa si za namna moja.

Wanafunzi hawa huonywa sana juu ya nukta. Nusu huandikwa 0.5, wala si .5. Nukta ikififia, .5 husomeka 5, na mgonjwa hupata dozi mara kumi. Vilevile tano huandikwa 5 tu, si 5.0, isije ikasomwa 50. Kwa dawa zenye nguvu sana, nesi wa pili hupiga hesabu peke yake, kisha majibu yanalinganishwa.

Na ukimwona nesi amesimama kando ya chupa ya dripu akitazama saa, usidhani anangoja muda wa kwenda nyumbani. Anahesabu matone. Mipira mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita 1. Mililita 500 zikitakiwa kuisha kwa saa 4, ni matone kama 42 kila dakika.

Hesabu ya nesi yaweza kuharibikia nyumbani. Vijiko vya jikoni havilingani. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 7. Omba kikombe kidogo chenye alama, au bomba la sindano lisilo na sindano, na uonyeshwe mstari wa kufikia. Kama ulikwisha mpa mtoto dawa asubuhi, mwambie nesi, wala usione haya. Parasetamo haipewi zaidi ya mara 4 kwa siku moja, usiku na mchana, na dawa ya asubuhi nayo huhesabiwa. Nenda na chupa yake ili aisome.

Hesabu ifuatayo ni ya kujipima tu. Dozi ya mtoto wako itoke kwa nesi aliyempima. Mtoto ana kilo 16. Anatakiwa kupewa miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa ina miligramu 120 katika mililita 5. Je, atapewa mililita ngapi?

Jibu: Mililita 10.