Gurudumu Dogo Kwenye Mpira wa Dripu

Mgonjwa akitundikiwa dripu, macho ya wanaomuuguza huwa kwenye chupa: maji yamefika wapi, yataisha saa ngapi. Kinachoamua hayo kiko chini ya chupa, kimeshikilia mpira. Ni kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole, kina gurudumu ambalo nesi hulisukuma kwa dole gumba. Mkazi wa Kibeta aliyewahi kuuguza ndugu hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba amekiona, na wa Muleba aliyekesha Rubya, Kagondo au Ndolage amekiona pia. Mimi nakiita kibano cha gurudumu, na nadai kwamba ndicho kinachopanga dozi.

Gurudumu hilo limekaa ndani ya kijumba chenye sakafu iliyoinama. Likisukumwa kuelekea upande mwembamba, linaukandamiza mpira kwenye sakafu na njia ya maji inasinyaa. Likirudishwa, mpira unajifungua wenyewe kwa sababu ni laini. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kibano hakigusi dawa hata kidogo. Koki ya bomba la nyumbani ina vipande vinavyolowa maji, na kwenye njia iendayo mshipani kila kipande cha namna hiyo kingekuwa maficho ya vijidudu. Mpira hubanwa kwa nje tu, ndani ukabaki safi kama ulivyotoka kiwandani.

Ubaya ni kwamba kibano hakina namba. Nesi hukipima kwa saa na macho, akihesabu matone. Katika seti nyingi za watu wazima matone 20 hufanya mililita 1, na katika seti za watoto matone 60. Zipo pia za 15 na za 10, kwa hiyo pakiti isomwe. Daktari akiandika lita 1 kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 hiyo ni kama matone 42 kwa dakika. Mtoto wa kilo 10 anayehitaji mililita 40 kwa saa angepata matone 13 tu kwa seti hiyo hiyo, na mguso mdogo wa gurudumu ungemzidishia sana. Kwa seti ya watoto anapata matone 40, ambayo nesi anaweza kuyahesabu na kuyarekebisha.

Kwa nini mguso mdogo uwe na nguvu hivyo? Katika karne ya 19 tabibu Mfaransa, Jean Poiseuille, alipima maji yanavyopita kwenye mirija myembamba. Alikuta kwamba kipenyo cha mrija wa duara kikipungua nusu, mtiririko haupungui nusu. Unabaki sehemu 1 kati ya 16. Mpira uliobanwa si duara kamili, lakini tabia ni ile ile: karibu na kufunga, unywele mmoja wa nafasi hubadilisha kila kitu. Halafu plastiki yenyewe haitulii. Ikishabanwa huendelea kulegea na kubonyea taratibu, na kasi uliyoipanga saa 4 asubuhi siyo utakayoikuta saa 4 na nusu. Mgonjwa naye akikunja mkono au akiketi, mambo yanabadilika tena. Ndiyo maana matone huhesabiwa upya muda mfupi baada ya kupangwa, hata kama nesi wa kwanza hakukosea.

Maji pia yanaweza kuua. Utafiti ulioitwa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa Teule, Muheza. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, kama asilimia 10.6 na 10.5 kulingana na aina ya maji, kuliko waliopewa taratibu, asilimia 7.3. Watoto wa kuhara hawakuhusishwa, na kwao kanuni ni nyingine: mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja aliyekauka vibaya hupewa mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa. Kwa yule wa kilo 10, kwa seti ya matone 20, hayo ni matone 200 kwa dakika, ambayo hakuna jicho linaloyahesabu; hapo nesi hufungua gurudumu na kutazama alama za chupa.

Wakubwa wa Muleba wanaikumbuka dripu ya kwinini ya malaria kali, masikio yakivuma. Dozi ilipaswa kuingia kwa saa 4, kwa sababu ikikimbia presha hushuka na mapigo ya moyo huvurugika. Artesunate, dawa iliyochukua nafasi yake, husukumwa mshipani kwa dakika chache. Utafiti wa mwaka 2010 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha vifo vya watoto vikishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Kwangu mimi, faida nyingine ya dawa hiyo ni kwamba haimtegemei mtu wa kulinda gurudumu usiku kucha.

Homa ya Marburg ilipotangazwa Bukoba Machi 2023, wagonjwa walikuwa 9 na 6 wakafariki. Ikatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Ugonjwa huo hauna dawa iliyoidhinishwa, na tiba kubwa ni kurudisha maji na chumvi mwilini kwa kipimo. Sasa fikiria kuhesabu matone ukiwa umevaa glavu jozi mbili na miwani iliyojaa ukungu.

Pampu za dripu huondoa sehemu ya kazi hiyo. Ndani yake vidole vya mashine huubana mpira kwa zamu na kuyasukuma maji mbele. Hatari yake iko wakati wa kuuchomoa mpira: gurudumu likiwa wazi, chupa nzima inaweza kumiminika. Seti nzuri zina kibano kinachojifunga mpira unapotoka, lakini funga gurudumu kwanza. Mashine za kusafisha damu, kama zile za Bugando kule Mwanza, zina kibano kingine kwenye mpira unaorudisha damu mwilini. Kitambuzi kikiona hewa, kibano hujifunga. Vingi hutengenezwa ili springi ivifunge hata umeme ukikatika, na kwa kanda yetu hilo ni jambo la msingi.

Turudi kwenye mpira wa dripu: vile vibano vya kubonyeza au kutelezesha vya kufunga na kufungua havikutengenezwa kupanga kasi. Wapo ndugu wanaovitumia hivyo, na wapo wanaolisogeza gurudumu ili dripu iishe mapema warudi nyumbani. Tafadhali msifanye hivyo. Mkimsindikiza mgonjwa msalani, chupa ibaki juu ya mkono wake, la sivyo damu itapanda kwenye mpira. Na mkiona matone yamesimama au yanakimbia, mwiteni nesi na mwambieni ni saa ngapi mlipoona, ahesabu upya.