Baraza na Chama Si Kitu Kimoja

Anayeendesha basi kutoka Kasulu kwenda Kibondo lazima awe na leseni ya serikali. Kujiunga na chama cha madereva ni hiari yake. Chama hakimpi leseni, wala hakiwezi kumnyang'anya.

Kwa wauguzi na wakunga ni vivyo hivyo.

Baraza la Uuguzi na Ukunga ni la serikali. Linafanya kazi kwa sheria ya mwaka 2010. Baraza huandika majina ya wauguzi na wakunga katika daftari lake na kuwapa leseni. Asiye na leseni haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Mwenye leseni akikosa, Baraza laweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta daftarini. Kazi ya Baraza ni kumlinda mgonjwa.

Chama cha Wauguzi Tanzania ni cha wauguzi wenyewe. Wanajiunga kwa hiari na kulipa ada. Chama huwatetea. Hilo ni jema, lakini hakitoi leseni.

Je, mama akitendewa vibaya wakati wa kujifungua, aende wapi? Kwanza amwone mkuu wa zahanati au hospitali. Asiporidhika, aliandikie Baraza barua. Ataje tarehe, mahali, jina la aliyemhudumia, na mambo yalivyokuwa.

Na mtu akipita kijijini na mkoba wa sindano, akakuonyesha kadi ya chama, usibabaike. Mwulize, "Leseni yako iko wapi?" Kisha isome mwenyewe. Kusoma si unajua?