Picha moja, runinga nne: Kamati ya kanisa inunue nini?

KANISA linalotaka ibada moja ionekane kwenye runinga nne halihitaji kamera nne wala kompyuta nne. Linahitaji chombo kimoja cha kugawa picha, kebo zinazolingana na umbali, na kamati iliyopima jengo kabla ya kwenda dukani. Fedha nyingi za waumini hupotea katika hilo la tatu.

Kwa mnunuzi wa Kitai, wilayani Mbinga, kosa la kifaa kimoja lina gharama yake. Kitai ipo kwenye barabara ya Songea hadi Mbinga, pale inapochepuka barabara ya Lituhi kuelekea Ziwa Nyasa. Anayefuata bidhaa Songea, au kuagiza Dar es Salaam, akikosea hulipa nauli mara ya pili, na si kila muuzaji hukubali kurudishiwa bidhaa iliyokwisha kufunguliwa. Michango ya msimu wa mavuno haitoki mara mbili kwa mwaka.

Hitaji lenyewe lina sababu. Nguzo huwazuia walio pembeni kuona altare, na siku za Krismasi, Pasaka na kipaimara watu hujaa hadi nje. Aidha, umeme wa gridi ya Taifa uliofika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako umepunguza utegemezi wa majenereta ya dizeli katika ukanda huo.

Spilita si swichi

Kosa la kwanza la mnunuzi ni la jina. Dukani kuna visanduku viwili vinavyofanana sura. Spilita hupokea picha moja na kuitoa kwenye runinga nyingi. Swichi hufanya kinyume: hupokea picha kutoka vyombo vingi, mfano kompyuta na kamera, na kupeleka moja tu kwenye runinga moja. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuhesabu matundu. Spilita ya runinga nne ina tundu moja la kuingiza na manne ya kutoa.

Wapo wanaojaribu kukwepa gharama kwa kununua kebo yenye mdomo mmoja upande huu na miwili upande ule. Kwa HDMI, mfumo uliotangazwa mwaka 2002, njia hiyo haitegemeki, kwa kuwa runinga na chombo kinachotuma picha huwasiliana kwanza kabla ya picha kutoka. Runinga mbili zikijibu kwa pamoja kwenye waya mmoja, mazungumzo huvurugika.

Hata mfumo wa zamani wa kebo za njano una hasara yake. Mkondo wake wa picha ni volti 1 kwenye mzigo wa omu 75. Ukiunga runinga mbili kwa waya mtupu, mzigo hushuka hadi omu 37.5 na volti hupungua kwa theluthi moja. Picha hufifia. Spilita yenye umeme wake huzuia hali hiyo kwa kuipa kila runinga mkondo kamili.

Runinga dhaifu huamua

Katika mazungumzo hayo, kila runinga hueleza ukubwa wa picha inaoweza kuonyesha. Spilita nyingi za kawaida huchagua kiwango ambacho runinga zote zinakiweza. Kamati ikinunua runinga tatu mpya na kuongeza moja ya zamani iliyotolewa na muumini, zote nne zinaweza kushushwa hadi kiwango cha hiyo ya zamani. Ni vyema runinga ziwe na kiwango kimoja, hata kama ni cha kati.

Aidha, filamu na baadhi ya vipindi vya king'amuzi hufungwa kwa kinga ya hakimiliki, na kioo kinaweza kubaki cheusi iwapo kifaa kimoja njiani hakiitambui. Picha za kamera ya kanisa lenyewe kwa kawaida hazina kikwazo hicho.

Umbali ndio bei

Kebo ya kawaida ya HDMI inafaa kwa umbali mfupi. Ikipita mita 10 hadi 15 kwa picha ya mistari 1,080, mashaka huanza: picha hukatika au kutoa vidoti. Kwa umbali zaidi hutumika jozi ya kipokezi na kitumaji kwa kebo ya Cat6, ile ya mtandao wa kompyuta. Jozi nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa umbali wa mita 50 au 60.

Chukua kanisa ambalo meza ya fundi iko karibu na kwaya. Runinga mbili za mbele ziko ndani ya mita 10, ya tatu iko nguzo ya nyuma mita 25, na ya nne iko kwenye turubai la nje mita 40. Orodha ya kamati itakuwa spilita moja ya njia nne, kebo mbili za HDMI za mita 10, jozi mbili za Cat6, na kebo ya Cat6 mita 65 pamoja na ziada ya mita 7 hivi. Ziongezwe kebo fupi za HDMI: moja kutoka kompyuta, mbili za kuingia kwenye vitumaji, na mbili za kutoka kwenye vipokezi.

Vipimo vifuate njia ya waya, yaani kupanda ukuta na kushuka, si hatua za miguu sakafuni.

Mnunuzi wa Cat6 aulize kama waya ni wa shaba tupu. Upo wa alumini uliopakwa shaba, ambao ni rahisi lakini hudhoofisha umeme unaopelekwa kwenye kipokezi kwa kebo hiyo hiyo. Ukikwangua ncha yake, weupe hujitokeza.

Umeme na kodi

Runinga zikiwa za wati 100 kila moja, nne ni wati 400. Ibada ya saa tatu hula uniti 1.2 za Luku, mbali na amplifaya na kompyuta. Matumizi hayo si makubwa, lakini inveta au jenereta ya akiba ipimwe kwa jumla ya vyombo vyote. Sauti itoke kwenye spika za kanisa, na runinga zinyamazishwe ili sauti zisipishane. Kebo inayotoka nje ichomolewe wakati wa radi, kwani waya mrefu huingiza mshituko hadi kwenye spilita.

Katika kulinganisha bei, kamati iulize kama VAT imo. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, bidhaa ya shilingi 1,000,000 kabla ya kodi hufikia 1,180,000. Kanisa lisilosajiliwa kwa VAT haliwezi kudai tofauti hiyo, hivyo ni gharama kamili. Risiti ya mashine idaiwe, kwani ndiyo kumbukumbu ya mhasibu na ushahidi wa kifaa kikiwa kibovu.

Runinga ndizo hubeba sehemu kubwa ya bajeti, na spilita na kebo ni sehemu ndogo. Kwa hiyo kubana fedha kwenye sehemu ndogo ni kuhatarisha ile kubwa. Kamati yenye fedha haba inunue runinga mbili na spilita ya njia nne. Matundu mawili yatasubiri mavuno yajayo.